Dhambi ya Mmoja, Jeraha la Wengi

Soma kwanza: 2 Samweli sura ya 11 mpaka 13, Yohana 9:1-7.

Ndugu msomaji, wewe ni mtu wa shamba, au mama yako ni mtu wa shamba. Wajua jinsi mihogo inavyopandwa katika nchi yetu ya Fizi. Mtu hukata mbegu kutoka mti wa zamani, huifukia, kisha hungoja mwaka mzima au zaidi. Kama mti ule wa zamani ulikuwa na ugonjwa wa mozaiki, majani ya mti mpya yatajikunja na kuwa na madoa ya manjano, na siku ya kuvuna mizizi itakuwa myembamba kama vidole. Mwenye shamba hawezi kulalamika. Mbegu mbaya aliichagua yeye mwenyewe.

Lakini kuna jambo la pili. Chini ya majani yale mabaya hukaa inzi wadogo weupe. Hao huruka mpaka shamba la jirani, wakaupeleka ugonjwa huko. Jirani alitafuta mbegu safi. Alilima vizuri, akapalilia kwa wakati. Hata hivyo naye atavuna vidole, na kosa si lake.

Dhambi nayo ni hivyo. Atendaye dhambi huvuna matunda yake. Tena watu wengine, wasiotenda dhambi ile, huvuna pamoja naye. Wengi wetu tumelishika neno la kwanza na kulisahau la pili. Kwa hiyo wagonjwa wengine huficha ugonjwa wao mpaka wanachelewa, na wengine wasio na kosa lolote hubeba aibu ambayo si yao. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya hao wote wawili.

1. Nyumba ya Mfalme Daudi

Daudi alikuwa mfalme aliyempenda Mungu. Lakini siku moja alimtamani mke wa Uria Mhiti, askari wake, akamtwaa. Mwanamke akapata mimba. Daudi alijaribu kuficha. Alimwita Uria kutoka vitani akataka aende kulala nyumbani kwake, ili watu wadhani mimba ni ya Uria. Uria hakukubali kustarehe huku wenzake wako vitani. Ndipo Daudi akaandika barua kwa Yoabu, mkuu wa jeshi, akampa Uria aipeleke. Ndani ya barua ile mlikuwa na amri ya kufa kwake Uria.

Angalia njia ya dhambi. Ilianza kwa macho, ikaenda kwa uzinzi, ikafika kwa uongo, ikaishia kwa kuua. Kila hatua ilikuwa ya kuficha hatua iliyotangulia.

Nabii Nathani alipomwonya, Daudi alikiri kosa lake, na Mungu alimsamehe. Sasa hesabu walioumia. Uria alikufa, na askari wengine pamoja naye. Mtoto aliyezaliwa alikufa siku ya saba. Baadaye Amnoni, mwana wa Daudi, alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari aliye dada yake aje kumpikia mikate, akamtenda jeuri. Daudi aliposikia alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu Amnoni, wala kwamba alimfariji binti yake. Baada ya miaka 2 Absalomu alimwua Amnoni kwa kisasi. Nyumba yote ikavunjika.

Je, Uria alikosa nini? Mtoto yule alikosa nini? Tamari alikosa nini? Wala mmoja wao hakuwa na hatia katika mambo hayo.

Baba, shika neno hili. Msamaha wa Mungu ni wa kweli, na mwenye kutubu huupata. Lakini jeraha ulilomtia mwenzako halifungwi kwa sababu wewe umesamehewa. Lataka kuuguzwa.

2. Swali linaloulizwa kando ya kitanda

Yesu alipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyekosa, kipofu mwenyewe au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Kisha alimshughulikia yule mtu, akampa macho.

Swali la wanafunzi laulizwa hata leo. Mtu akilazwa, jamaa husimama kando ya kitanda wakanong'ona: "Amefanya nini huyu? Nani amemloga?" Wengine humpeleka kwanza kwa mfumu ili ataje jina la mchawi. Siku 3 zinapita, siku 4 zinapita. Mzee mmoja wa kijiji anachukiwa bure, na mgonjwa akifika hospitalini hana nguvu tena hata ya kumeza dawa.

Katika wodi moja utakuta wagonjwa wa namna tatu. Wa kwanza wamejiletea ugonjwa kwa mwenendo wao. Wa pili wameletewa na dhambi ya mtu mwingine. Wa tatu wana ugonjwa usiotokana na dhambi ya mtu. Mbu wa malaria humwuma mchungaji kama anavyomwuma mlevi, na humwuma mtoto mchanga kuliko kujua jina lake. Wagonjwa hao watatu hulala katika vitanda vilivyo sawa, wala huwezi kuwatambua kwa kuwatazama usoni. Basi acha kuhukumu.

3. Mtu aliyejiletea ugonjwa

Tuseme mwanamume mmoja ameondoka nyumbani kwenda kutafuta dhahabu katika machimbo ya Misisi. Anakaa huko miezi 6. Ana pesa kidogo, yuko mbali na mke wake, na rafiki zake wanamwambia kwamba kila mwanamume hufanya hivi. Anakwenda kwa mwanamke asiye wake. Baada ya wiki 3 hivi anaona kidonda kidogo sehemu za siri. Hakimwumi. Ananunua vidonge sokoni, anakunywa viwili, anamwuzia mwenzake vilivyobaki. Kidonda kinatoweka. Anafurahi, anadhani amepona.

Hakupona. Huo ni ugonjwa wa kaswende. Kidonda chake hutoweka chenyewe hata pasipo dawa, lakini vijidudu vimeingia katika damu. Baada ya wiki au miezi kadhaa upele waweza kutokea mwilini, hata katika viganja vya mikono na nyayo za miguu. Upele nao hutoweka. Kisha ugonjwa hukaa kimya, pengine miaka mingi, na mwisho waweza kuharibu moyo, macho na ubongo.

Je, huoni jinsi ugonjwa huu unavyofanana na dhambi yenyewe? Mwanzo wake hauumi. Alama yake hutoweka, na mtu husema, "Hakuna aliyejua, mambo yamekwisha." Kumbe yanaendelea ndani.

Ndugu, kama jambo hili limekupata, njoo. Usingoje kidonda kirudi. Mwuguzi atachukua damu kidogo na kuipima. Dawa iko. Mwaka wa 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini huko London, na mwaka wa 1943 madaktari wa Marekani walianza kuponya kaswende kwa dawa hiyo. Hata leo ndiyo dawa yake. Ugonjwa ukiwa mpya, mara nyingi sindano za siku moja zatosha. Ukiwa wa zamani, hudungwa mara 3, mara moja kila wiki. Kama penisilini iliwahi kukutia upele au kukuzuia pumzi, mwambie mwuguzi kabla hajakudunga.

Mwuguzi atakuuliza maswali ya aibu: Ulilala na nani? Ilikuwa lini? Mke wako yuko wapi? Haulizi ili akushitaki kwa wazee wa kanisa. Anauliza kwa sababu dawa hufuata ukweli. Ukimdanganya mwuguzi, umeidanganya damu yako mwenyewe.

4. Mke wake na mtoto wake

Sasa mtu yule anarudi nyumbani. Mke wake alikaa muda wote huo akilima, akisomesha watoto, akiimba katika kwaya. Anamkaribisha mume wake kwa furaha. Baada ya miezi michache ana mimba, na pamoja na mimba ana kaswende, naye hajui.

Kaswende ya mama huingia kwa mtoto tumboni. Mimba yaweza kuharibika. Mtoto aweza kuzaliwa amekufa, au kuzaliwa mgonjwa. Na mimba zikiharibika mara mbili au tatu, watu wa ukoo husema nini? Husema, "Mke huyu amelaaniwa," au, "Anawala watoto wake." Wanataka mume aoe mwingine. Mume anajua alikotoka, lakini ananyamaza. Hapo anatenda dhambi ya pili, nayo ni kubwa kuliko ile ya kwanza, maana anamwacha mwenzake achukue mzigo wake mbele ya watu.

Kisonono nacho ni hivyo. Mama mwenye kisonono akizaa, usaha waweza kuingia katika macho ya mtoto na kumpofusha. Ndiyo sababu wakunga hutia dawa katika macho ya mtoto mara tu anapozaliwa. Mama, usiikatae dawa hiyo.

Na virusi vya Ukimwi, ambao wengi wetu huuita Sida, hupita njia ileile: kwa mume mpaka kwa mke, au kwa mke mpaka kwa mume, na kwa mama mpaka kwa mtoto katika mimba, katika kuzaa na katika kunyonyesha. Lakini siku hizi hakuna haja ya kukata tamaa. Mama akipimwa mapema na kunywa dawa kila siku kama alivyoagizwa, mtoto wake huweza kuzaliwa na kukua bila virusi. Naye mtu anywaye dawa vizuri huishi, hulima, na hulea watoto wake.

Kwa hiyo kila mama mwenye mimba apimwe damu mapema, hata kama yeye na mume wake ni waaminifu. Kupimwa si kushitakiwa. Na ikionekana kaswende au kisonono, watibiwe wote wawili, mume na mke, wala wasilale pamoja mpaka wote wamemaliza dawa. Mume akitibiwa peke yake kwa siri, mke atampa tena ugonjwa ule ule aliompa yeye. Ni sawa na kukausha mtumbwi kwa kata bila kuziba tundu.

5. Tamari wa siku zetu

Tamari alipotendwa jeuri alirarua vazi lake, akatia majivu kichwani, akaenda akilia. Kisha alikaa katika nyumba ya Absalomu ndugu yake, mtu wa ukiwa. Biblia haisemi neno moja la kumlaumu.

Nchi yetu ina akina Tamari wengi. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011 askari waliushambulia mji wa Fizi, wakapora mali na kuwatenda jeuri wanawake. Mwezi wa Februari mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Baraka. Wanawake zaidi ya 40 walisimama wakatoa ushuhuda. Kamanda, Luteni-Kanali Kibibi Mutware, alikana. Tarehe 21 Februari mahakama ilimwona ana hatia ya uhalifu dhidi ya binadamu, ikamhukumu kifungo cha miaka 20, na askari wengine walihukumiwa pamoja naye. Wanawake hao walifanya jambo ambalo Tamari hakupewa nafasi ya kulifanya: waliirudisha aibu kwa wenyewe waliostahili kuibeba.

Ndugu mwanamume, kama mke wako amepatwa na jambo hili, usimfukuze. Yeye hakuzini. Kuzini ni kukubali, naye hakukubali. Akipigwa na mwizi njiani, je, utamwita mwizi?

Na wewe mama, au binti, jambo hili likikupata, njoo hospitalini upesi, kama ni siku ileile ni heri zaidi. Ndani ya siku 3 (saa 72) kuna dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini. Huanzwa upesi na kunywewa siku 28. Siku 3 zikipita, dawa hiyo haifai tena. Ndani ya siku 5 kuna dawa ya kuzuia mimba isishike. Kuna dawa pia ya kaswende na kisonono, na daktari ataandika alichokiona, ili barua yake ikusaidie mbele ya mahakama. Nguo ulizovaa usizifue, zilete. Ikiwa umekwisha kuoga, ikiwa siku nyingi zimekwisha kupita, njoo vilevile. Majeraha ya ndani hutibika hata baada ya miaka.

Wazee wengine hupenda kumaliza mambo haya kwa mbuzi au kwa pesa, au kumwoza binti kwa mtu aliyemharibu. Fahamuni kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 humpa mbakaji kifungo cha miaka 5 mpaka 20. Mbuzi haliponyi jeraha la binti. Daudi alinyamaza katika nyumba yake, nanyi mmesoma mwisho wake.

6. Dhambi ambayo hatuiiti dhambi

Tukisikia neno "dhambi", mara tunafikiri uzinzi, ulevi na wizi. Lakini fikiri juu ya mtu anayekwenda haja kando ya ziwa alfajiri, kwa sababu hataki kuchimba choo. Kipindupindu hukaa katika kinyesi cha mgonjwa, hata cha mtu asiyejisikia mgonjwa. Maji hukichukua. Mbele kidogo mama mmoja anateka maji yale yale, anawapa watoto. Katika vijiji vya Ziwa Tanganyika ugonjwa huu umerudi mara nyingi, na mtu aweza kufa kwa saa chache kwa kuishiwa maji mwilini.

Mtoto yule anayekufa hakutenda dhambi. Mama yake pia hakutenda. Je, yule aliyekataa kuchimba choo? Soma Kumbukumbu la Torati 23:12-13. Mungu aliwaagiza Waisraeli wawe na mahali nje ya kambi, na kitu cha kuchimbia, na wafukie. Mungu hakuliona jambo la choo kuwa dogo. Kumpenda jirani ni pamoja na kuchimba choo, kunawa mikono kwa sabuni, na kuchemsha maji. Na mtu akianza kuharisha kama maji, mnywesheni maji safi yenye sukari na chumvi yaliyopimwa vizuri, na mleteni upesi bila kuuliza amekosa nini.

7. Dawa na toba

Mtume Paulo, katika Warumi 6:23, anaionyesha dhambi kama bwana anayelipa watumishi wake, na malipo yake ni kifo. Katika mstari uleule anaonyesha kwamba Mungu halipi hivyo. Yeye hutoa uzima bure, katika Kristo. Hospitali haiwezi kukupa hicho. Sindano huua vijidudu, lakini haiwezi kuiondoa dhambi. Tena mtu asiseme, "Nimetubu, basi siendi kupimwa." Toba yako ni njema, lakini vijidudu havisikii mahubiri. Yakobo 5:14-16 yasema juu ya maombi, mafuta na kuungama pamoja. Mtu ni mmoja, mwili na roho, naye ahitaji kuuguzwa pande zote mbili.

Ukitubu kwa kweli, fanya mambo matatu. Liambie kosa lako kwa Mungu pasipo kulipunguza. Mwambie yule uliyemwumiza, hata kama mdomo wako unatetemeka. Kisha mshike mkono umlete atibiwe, na ukae naye kwenye benchi mkingoja zamu yenu. Hiyo benchi ni ngumu kwa mwanamume mwenye jina kijijini. Lakini watu wengi wameanza maisha mapya hapo.

Nanyi wazee wa kanisa, mtu akiungama, msiyapeleke maneno yake sokoni. Siri ikitoka mara moja, wagonjwa kumi watakaa nyumbani na ugonjwa wao. Wakati fulani wanaume walileta mbele ya Yesu mwanamke mmoja. Yule mwanamume aliyekosa naye hawakumleta. Kumbukeni Yesu alivyowatendea.

Maswali

1. Katika habari za Daudi, taja watu walioumia wasiokuwa na kosa.
2. Kwa nini kidonda cha kaswende kutoweka si alama ya kupona?
3. Kwa nini mume na mke lazima watibiwe pamoja?
4. Mwanamke aliyetendwa jeuri afike hospitalini kabla ya siku ngapi kupita, na kwa nini?
5. Je, yuko mtu nyumbani mwako anayebeba mzigo wa kosa lako? Swali hili usilijibu mbele ya watu. Lijibu mbele ya Mungu, kisha umwendee mtu huyo leo.

Sala

Ee Bwana, wanionyesha nilichopanda. Nisamehe. Walioumia kwa ajili yangu, waponye, na unipe moyo wa kuwaambia kweli. Walioumia kwa ajili ya wengine, wainue vichwa vyao, wajue kwamba Wewe huwahesabii kosa hilo. Amina.